Ruta ya Kasha la Arvid

7 Januari

Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni, na wifi yangu Sylvi amefika mlangoni. Sijui lipi baya zaidi. Theluji angalau haina mdomo.

Daftari hili nimeletewa na binti yangu Karin kutoka Green Bay. Eti, mama, andika, utoe huzuni. Huzuni gani? Mimi nina hasira, na hasira haitaki daftari, inataka mtu wa kumrushia kiatu. Lakini karatasi ni nzuri, basi tutaandika.

Mume wangu Arvid alifariki wiki moja kabla ya Krismasi. Tulimchoma kama alivyotaka, na sasa yumo, majivu matupu, kwenye kopo la plastiki la kijivu walilonipa watu wa mazishi, juu ya meza yake ya kazi kule karakana. Huku kwetu hazikwi mtu majira haya. Ardhi imeganda kama chuma, na Trevarrow, mchimba makaburi, hata simu hapokei mpaka karibu na Mei. Arvid anangoja, na mimi nangoja. Lakini siku ardhi ikilainika, lazima awe na kasha la heshima. Mume wangu hazikwi kwenye kopo linalofanana na la rangi ya ukuta.

Sylvi alikuja na mkate wa iliki na amri.

"Kasha nitalitengeneza mimi," alisema, hata koti hajavua. "Sisi kina Kangas huzikana wenyewe."

"Na mimi ni nani, Sylvi? Mpangaji?"

"Wewe ni mkewe," alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi.

Huyu ni dada mkubwa wa Arvid. Hakuolewa. Alifundisha useremala shule ya sekondari mpaka wakamstaafisha, na nusu ya wanaume wa wilaya hii bado wakimwona wanaficha mikono nyuma. Mimi ananiita Mfaransa kwa kuwa baba yangu alitoka Quebec. Nimezaa, nimelea, nimezeeka katika ukoo wao, bado ni Mfaransa.

Nikamwambia kasha nitalitengeneza mwenyewe. Mbao zipo: mcheri uliopigwa na radi nyuma ya nyumba ya baba yao. Arvid aliupasua, akauweka darini ukauke miaka na miaka. Siku zote yeye alikata, mimi nilipiga msasa na gundi, na kingo zote za nyumba hii, kabati, meza, hata kitanda cha Karin, nimeziviringisha mimi kwa ruta yake. Ruta ni mashine ya mkono yenye kisu kinachozunguka kwa kasi, inachimba mifereji na kulainisha kingo. Inapiga makelele, na Arvid hakupenda makelele. Kwa hiyo ruta ilikuwa yangu kwa kila kitu isipokuwa jina.

"Kwa kutumia nini?" Sylvi akauliza, na nikamwona anatabasamu. "Ruta iko kwangu. Arvid alinipa wiki ile ya mwisho. Alisema, chukua, dada."

Nilikimbilia karakana na ndara miguuni kwenye theluji. Rafu ilikuwa tupu, pamebaki alama ya mviringo kwenye vumbi. Wiki zote hizi sikuwa nimetazama.

Nililigeuza lile kopo likatazama ukutani. Najua halina uso. Nililigeuza hivyo hivyo.

9 Januari

Theluji tena. Mkate wa iliki nimewapa ndege.

15 Januari

Nimekwenda duka la vifaa la Gordie Laine kununua ruta. Gordie ni mtu mwema asiyejua kitu. Alinitolea moja ndogo, nyepesi, kama kopo la majani ya chai.

"Hii ndiyo akina mama wanaipenda," alisema.

"Akina mama gani, Gordie?"

Akakuna kichwa. Hakuwa na hata mama mmoja wa kunitajia. Nikainunua hata hivyo, kwa sababu nje kulikuwa kunazidi kuchafuka na sikutaka kulala dukani kwake.

18 Januari

Kwenye msonobari inakwenda vizuri. Kwenye kipande cha mcheri ikalia, ikasimama, ikatoa moshi. Ubao ukabaki na doa jeusi kana kwamba mtu alizima sigara hapo. Mashine hii ni ya kulainishia kingo za fremu za picha, siyo ya kuchimba mfereji wa kifuniko. Na kifuniko changu kinataka mfereji kuzunguka pande zote nne, kikae juu ya kasha na kuliuma, kisiteleze.

Nikalitazama kopo. "Umefurahi?" nikaliuliza.

20 Januari

Nimemrudishia Gordie. Akaniuliza kama nimelifungua boksi. Mfyuu.

2 Februari

Kahawa baada ya ibada. Sylvi alikaa meza ya mwisho, mikono kaitia ndani ya mikono ya sweta kama mtawa, na watu wamemzunguka.

"Wifi, nasikia Gordie amekuuzia kichezeo," akasema kwa sauti ya kufika madhabahuni.

"Nimekirudisha."

"Utarudisha vyote. Ruta hainunuliwi kwa hasira."

"Na kasha lako wewe limefikia wapi? Maana naona Krismasi imepita, na Pasaka inakuja."

"Linakwenda," akasema. "Kazi nzuri haina haraka."

Wakacheka wale waliomzunguka. Wanafunzi wake wa zamani wote hao, wanacheka kwa woga. Nilirudi nyumbani nikaagiza ruta nyingine kwa mtandao, kubwa kuliko zote, yenye nguvu ya kung'oa kisiki. Huyu mwanamke atanitambua.

11 Februari

Dhoruba. Umeme umekatika, ukarudi, ukakatika.

14 Februari

Imefika! Mleta mizigo aliipandisha ngazi kwa kuikumbatia. Ina taa. Ina vitufe vya kupandisha na kushusha kasi. Ina mpini laini kama usukani wa gari la tajiri. Ina kitabu cha maelezo kwa lugha saba, na katika zote saba sikuelewa jinsi ya kufunga kina cha kisu. Mwishowe nikakuta skrubu ndogo ya plastiki ubavuni. Nikaikaza.

Mbao zinatosha kasha moja na vifuniko viwili. Yaani nina ruhusa ya kukosea mara moja tu.

16 Februari

Nimeshakosea.

Niandike ilivyokuwa, maana nikiinyamazia nitapasuka. Nilikuwa nimeunga kuta za kasha, gundi imekauka, kona zimekaa sawa, hata mimi nikajipongeza. Nikakifunga kifuniko kwenye jiriwa. Ule ubao, jamani! Mcheri mwekundu wenye mistari kama maji yanayotiririka, katikati kijicho kimoja palipoota tawi. Nilichagua ule kwa sababu Arvid aliupenda, hata kama nimemnunia.

Nikaiwasha. Upande wa kwanza ukaenda safi. Wa pili safi. Upande wa tatu nikaona maranda yanatoka manene kuliko mwanzo, nikadhani ni mkono wangu umekandamiza. Nikaendelea. Kumbe ile skrubu ya plastiki ilikuwa inalegea kwa mtetemo, kidogo kidogo, na kisu kinazama. Mashine yenye nguvu ya kung'oa kisiki, na haiwezi kushikilia kisu mahali pamoja! Nilipofika kona ya nne kisu kilitokeza upande wa pili wa ubao. Nikasikia sauti ya mbao kupasuka, na kile kijicho cha tawi kikaruka kikagonga dirisha.

Nilizima. Taa ya mashine ikaendelea kuwaka, inamulika shimo.

Nililia, ndiyo. Halafu nikamgeukia Arvid. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Nilimwambia kwamba kama angeniachia ruta yangu, kitu kimoja tu, kitu kimoja kutoka nyumba nzima, haya yasingetokea. Nilimwambia kwamba alikuwa na mke miaka yote hiyo na siku ya mwisho akamkumbuka dada. Nilimwambia akae huko huko kwenye plastiki.

17 Februari

Sina la kuandika. Ubao umebaki mmoja.

1 Machi

Baridi ya kuvunja meno. Bomba la maji limeganda chini ya sakafu, na fundi anasema yuko nyuma ya watu wengine wengi. Nayeyusha theluji kwenye sufuria. Nanuka.

5 Machi

Bado bomba.

8 Machi

Jumamosi. Nimekwenda sauna kwa Sylvi, kile chumba chake cha mvuke. Naandika hivyo nikiwa nimeuma meno, lakini mtu hawezi kwenda kanisani ananuka kama mbweha, na sauna yake ndiyo ya karibu.

Tangu Arvid afe sikuwa nimekanyaga pale. Zamani tulikuwa tunakwenda kila Jumamosi, wanaume kwanza, halafu sisi. Na katika sauna ya Sylvi kulikuwa na sheria moja tu: kata ya maji ni yake. Mawe ni yake, mvuke ni wake, yeye ndiye anayejua lini pamwagwe na kiasi gani. Hakuna mtu aliyewahi kuishika kata ile. Arvid alijaribu utotoni akachapwa nayo.

Alinifungulia mlango, akanitazama.

"Bomba?"

"Bomba."

"Ingia. Usilete theluji."

Tukakaa benchi la juu na taulo zetu. Mawe yalikuwa yanapasuka kwa moto. Nikangoja amwage maji. Hakumwaga. Jasho likanitoka, likakauka, joto limekuwa kavu la kuumiza pua. Mwishowe akasema, akiwa anatazama ukuta:

"Mwaga wewe."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Mimi?"

"Kuna mwingine humu?"

Nikachukua kata. Ndipo nikaiona mikono yake, imelala mapajani bila sweta la kuificha. Ilikuwa inatetemeka. Siyo kutetemeka kwa baridi, maana ndani ya sauna hakuna baridi. Vidole vya kulia vilikuwa vinatapatapa kama samaki aliyetupwa kwenye barafu.

Nikamwaga maji. Mvuke ukatufunika wote wawili, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kutomwona.

"Mengi mno," akasema kutoka ndani ya mvuke.

Baadaye tukiwa tunapoa kibarazani, mimi ndiye niliyekuwa mjinga wa kwanza kufungua mdomo. Nikamwambia habari za kifuniko. Nikamngojea acheke. Hakucheka, alikasirika, na hasira ya Sylvi juu ya mashine ni kitu cha kutazama.

"Skrubu ya plastiki!" akapiga kelele. "Mwalimu ninayejiheshimu ningekupiga na kitabu! Ruta usiitazame nguvu, Mfaransa, tazama inavyoshika. Ishike kisu. Ishike kina. Na wewe uweze kuishika. Basi! Taa, vitufe, hayo mapambo ya arusi. Shika kisu kwa vidole, kitikise. Kikicheza, rudisha dukani."

"Ungeniambia Januari."

"Ungenisikiliza Januari?"

Nisingemsikiliza. Lakini sikumpa raha ya kumjibu.

10 Machi

Nimewaza sana. Kasha lake "linakwenda"? Kwa mikono ile? Mtu hawezi kumwaga maji kwenye mawe, atashika ruta? Kwa hiyo ananiongopea kanisa zima likisikia, na ruta yangu imekaa kwake bure, hawezi hata kuitumia. Wengine wangemhurumia. Mimi nimeona huruma kidogo, halafu nikaona rafu tupu, ikaisha.

14 Machi

Bomba limepona. Nimeirudisha ile ruta yenye taa.

22 Machi

Mchana leo nilisikia gari lake. Nikatoka na koleo la theluji mkononi, na sikuliweka chini.

Sylvi alikuwa amebeba kitu kifuani, kimefungwa kwa blanketi kama mtoto. Akanipita bila salamu, akaingia karakana, akakiweka mezani kando ya kopo. Akalitazama kopo.

"Mbona limegeuka huku?"

"Tumegombana."

Akafungua blanketi. Ruta. Ile ile, ya chuma, na mpini wa mbao uliong'aa kwa viganja vyangu.

"Chukua," akasema. "Chimba mfereji wako."

"Sitaki. Arvid alikupa wewe. Aliyekupa kakupa."

"Chukua, Delphine."

Hajawahi kuniita Delphine. Nikajua kuna kitu.

"Nimesema sitaki hisani yako! Mume wangu alichagua, na ..."

"Hakuchagua kitu! Hakunipa!" Mikono yake ikaanza kuruka, akaibana kwapani. "Niliichukua. Ulikuwa umekwenda kuchukua dawa zake. Yeye kalala. Nikaingia humu nikaichukua, nikaitia kwenye gari. Haya, umesikia. Piga na hilo koleo kama unataka."

Sikupiga. Nilikuwa sijui hata mikono yangu iko wapi.

"Uliiba," nikasema.

"Ilikuwa ya baba."

"Uliiba kwa mtu anayekufa."

"Baba aliinunua mwaka niliopata kazi ya ualimu!" Sasa alikuwa anapiga kelele mpaka masikio yanauma. "Mimi ndiye niliyemfundisha Arvid kuishika! Mimi ndiye niliyekuwa fundi katika nyumba ile, kila mtu anajua, baba mwenyewe alijua! Halafu akafa, ikaenda kwa Arvid. Kwa nini? Kwa sababu ana ndevu! Nimeitazama kwenye rafu yenu kila Jumapili tangu siku hiyo. Kila Jumapili, na wewe unamimina kahawa!"

"Kwa hiyo ukanisingizia mume wangu."

"Nilisema neno moja tu."

"Neno moja! Sylvi, nimemnunia. Unanielewa? Mume wangu amelala hapa toka Desemba na mimi nimemgeuzia ukutani. Nimemtukana. Nimekuja humu kila siku kumtukana maiti, kwa sababu yako! Sikumlilia hata siku moja vizuri, nililia ubao! Umeiba ruta, sawa, chuma ni chuma. Lakini umeniibia msiba wangu, mwanamke wewe!"

Hapo akaanza kukunja lile blanketi. Nilikuwa nimeiota siku ya kumweza Sylvi Kangas, na haikunifurahisha.

"Toka," nikamwambia.

"Delphine ..."

"Toka, kabla sijalitumia hili koleo!"

Alitoka. Gari lilimkatalia kuwaka, ikabidi nitoke nilisukume. Nilisukuma mpaka barabarani, matope ya theluji yakanirukia usoni, nikarudi ndani.

Nikaligeuza kopo. Nikakaa mbele yake mpaka giza likaingia, na sikuwasha taa.

23 Machi

Sikwenda kanisani. Nilikuwa na mtu wa kumwomba radhi hapa nyumbani.

26 Machi

Maji yanadondoka kutoka paani. Mara ya kwanza mwaka huu.

Nimeichukua ruta ile nikiwa na nia ya kumaliza kazi. Nikatia kisu, nikakaza. Halafu sijui kwa nini, labda kwa ukaidi, nikakumbuka maneno ya kibarazani. Nikakishika kisu kwa vidole, nikakitikisa.

Kikacheza. Kikacheza kama jino la mtoto.

Nikakaza upya, nikatikisa. Kinacheza. Tatizo siyo taya zinazobana kisu, ni beringi zimekwisha. Ruta ya baba, ruta takatifu, ruta iliyotazamwa kila Jumapili, mbovu! Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni kwenye maranda. Halafu nikampigia simu.

"Sylvi. Umeiba mashine mbovu."

"Mbovu vipi?"

"Beringi. Kisu kinacheza. Ungeshika ungejua."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Niliijaribu Januari," akasema, sauti imeshuka. "Mfereji ulikuja umepinda kama njia ya ng'ombe. Nikautupa ule ubao stoo nikafunga mlango. Nilidhani ..."

Hakumaliza. Nilijua alichodhani. Nilikuwa na jambo la kumchoma moyo mkononi mwangu, limekamilika, lina makali. Mungu anajua nilivyolitamani.

"Ni mashine," nikasema. "Hata mtoto angepinda."

"Mikono yangu haina kitu," akasema haraka.

"Sikuuliza mikono yako. Jumatano ijayo nakwenda kwa Gordie. Ukitaka kuja, uwe tayari, sipigi honi mara mbili."

2 Aprili

Sikupiga hata moja. Alikuwa amesimama barabarani na kofia yake ya manyoya, kama mtu anayekwenda kortini.

Tusidanganyane, sijamsamehe. Njia nzima nilimwambia hivyo. Akasema naendesha kama kipofu.

Gordie alipomwona akaficha mikono nyuma.

"Gordie Laine," Sylvi akasema, "ulipata alama gani kwangu?"

"D, mwalimu."

"Na ukafungua duka la vifaa. Haya, toa ruta zote."

Akazitoa, akazipanga kwenye kaunta. Sylvi hakugusa hata moja. Alisimama kaweka mikono mifukoni, na mimi ndiye niliyekuwa nikishika, nikitikisa, nikifunga na kufungua, na yeye akihoji kama hakimu.

"Hii?"

"Kisu hakichezi. Lakini kifungio cha kina ni plastiki."

"Weka chini. Ile?"

"Ina taa," nikasema.

"Taa za nini, inakwenda dansi? Ile ya mwisho."

Ya mwisho ilikuwa nyeusi, nzito, haina pambo lolote. Kitako kipana. Mipini miwili imekaa chini karibu na ubao, siyo juu ambako inayumba. Taya za kushikia kisu ni ndefu. Kifungio cha kina ni cha chuma, mkono mmoja unakifunga, na nilipokifunga nikakikandamiza kwa nguvu zangu zote, hakikusogea. Niliishika tena, na tena.

"Hii," nikasema.

"Una hakika? Au umechoka?"

"Nina hakika, na wewe unanichosha."

"Basi hiyo," Sylvi akasema, kisha akamgeukia Gordie. "Na akikuambia mtu kwamba kuna ruta ya akina mama, mpige nayo."

12 Aprili

Mvua juu ya theluji. Sehemu za bustani zimeanza kuonekana, nyeusi.

19 Aprili

Trevarrow amepokea simu. Anasema amepiga koleo upande wa jua, limeingia kiasi cha kiganja.

Leo ndiyo siku. Ubao wa mwisho. Sylvi alikuja bila kuitwa, akavuta kiti akakaa karibu na kopo, mgongo umenyooka.

"Kisu kikifika mwisho wa taya, kirudishe juu kidogo ndipo ukaze," akasema.

"Najua."

"Ulijua pia Februari."

Nikakaza. Nikapima. Nikajaribu kwenye ule ubao uliokufa Februari, nikapima tena, na kina hakikuwa kimesogea hata unywele. Nilitazama kile kifuniko na nikajua kwamba kikiharibika hiki, Arvid atazikwa kwenye plastiki, na mimi nitaishi nalo.

Nikawasha.

"Kinyume na kisu!" akapiga kelele juu ya mashine. "Nenda kinyume na kinavyozunguka, usiende nacho, kitakukimbia!"

"Ninaenda kinyume!"

"Chimba kidogo kidogo! Zunguka mara tatu nyepesi, usiwe na pupa!"

Upande wa kwanza. Wa pili. Maranda yakatoka membamba, ya rangi ya asali, sawasawa. Mashine ilitulia mikononi mwangu kama ng'ombe mzee. Upande wa tatu. Mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho, nikasikia:

"Taratibu hapo!"

Nikashtuka. Nikasimama kidogo tu, na mcheri hausamehe kusimama. Nilipozima, kona ya kushoto ilikuwa na alama ya kuungua, nyembamba, ya kahawia.

Tukaitazama sote wawili.

"Umesimama," akasema.

"Umepiga kelele!"

"Fundi hasimami kwa kelele."

"Mwalimu hapigi kelele konani! Sylvi, nitakutia wewe humu ndani, haki ya Mungu unatosha!"

Nikakichukua kifuniko, nikakiweka juu ya kasha. Kikashuka, kikauma pande zote nne, kikatulia. Nikakisukuma. Hakikuteleza.

Sylvi akanyoosha mkono akakigusa. Vidole vyake vikagonga ubao, ta-ta-ta-ta, havikuweza kutulia. Hakuvificha.

"Kinashika," akasema.

4 Mei

Trevarrow: koleo limepita.

10 Mei

Tumemzika Arvid. Matope mpaka vifundoni, jua kali, na theluji chafu bado imejikunja chini ya misonobari. Karin alikuja. Mchungaji alisema machache kwa sababu viatu vyake vilikuwa vinazama.

Nililibeba kasha mwenyewe. Kabla sijampa Trevarrow niliinama, nikamwambia Arvid kile nilichotakiwa kumwambia Januari, na hicho ni chetu. Nikalia. Nililia vizuri, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa.

Sylvi alisimama upande wa pili wa shimo. Kasha lilipokuwa likishuka, nilimsikia.

"Kona ya kushoto imeungua."

"Kwa sababu ya mdomo wako."

"Mcheri unaungua haraka," akasema. Akatazama udongo. "Langu liwe la mjozi."

Karin akageuka kumtazama shangazi yake. Mimi sikugeuka.

"Mjozi ni mgumu," nikasema. "Utanisumbua."

"Ruta unayo."

Trevarrow alianza kurudishia udongo, nasi tukashuka kilimani kila mtu na fimbo yake.

Sijamsamehe. Naliandika hapa ili lisomeke. Lakini leo ni Jumamosi, na tulikuwa tumejaa matope, kwa hiyo tulikwenda sauna yake. Tukapanda benchi la juu. Mawe yalikuwa yanawaka. Sikungoja kuambiwa, nilinyoosha mkono nikachukua kata, nikamwaga.

"Mengi mno," akasema Sylvi.

Nikaongeza.